Chaguzi Tatu na Mume Mmoja

Mume wangu aliwahi kuwa karani wa kura. Ilikuwa Uvira, mwaka ule Wakongo walipopanga foleni kumchagua rais, naye aliketi katika darasa la shule ya msingi, kazi yake ikiwa kuchovya vidole vya watu kwenye wino. Hakuhesabu kura, hakulinda sanduku, hakutangaza matokeo. Alichovya vidole. Lakini ukimsikia anavyosimulia ungedhani demokrasia yote ya Kongo ilikuwa ndani ya kile kichupa chake, na kwamba siku alipoondoka waliobaki walishindwa kukifungua.

Mimi ni mzaliwa wa Kigoma. Baba yangu alikuwa Mbembe wa Kongo aliyevuka ziwa, kwa hiyo Kiswahili changu ni cha shule za Tanzania na cha mume wangu ni cha kwao, na miaka yote tuliyoishi pamoja alinicheka mimi nami nikamcheka yeye. Tulikuja Johannesburg ndoa ikiwa bado mbichi. Tulipata chumba Joubert Park, ghorofa ya nne, katika jengo ambalo lifti yake ilikufa kabla hatujafika na shimo lake likawa jaa la taka. Fleti moja tuliishi familia kadhaa, tumegawana kwa mbao na mapazia; sisi tulikuwa na upande wenye dirisha. Nimesuka vichwa vya watu mbele ya dirisha lile mpaka vidole vikafa ganzi. Sijawahi kupenda mahali kama nilivyokipenda kile chumba, na nasema hivyo bila aibu, ingawa kilinuka mkojo wa paka wa jirani kiangazi na masika.

Mwaka 2008, mwezi wa tano, wageni walipigwa na kuchomewa vitu vyao katika vitongoji vya jiji, na kabla moto haujafika kwetu sisi tulishakimbia. Tulilala uani kwa polisi, kisha kwenye mahema. Tuliporudi tulikuta watu wamelala kwenye godoro letu, na mwanamume mmoja amevaa koti la harusi la mume wangu. Aliyewatoa ni mwenyekiti wa kamati ya jengo, mama wa Kizulu, mnene, mwenye sauti ya chini ambayo hakuwa na haja ya kuipandisha. Aliwaambia maneno machache, wakatoka. Koti hawakulivua. Kisha akaniangalia mikono, akauliza kama ni kweli nasuka. Tangu siku hiyo nilimsuka bure.

Mume wangu alimpa cheo palepale. Alimwita Prezidante, na jengo zima la waongea Kiswahili likafuata. Yeye mwenyewe alipolisikia jina hilo alitabasamu kidogo, kama mtu aliyeonjeshwa mchuzi akaona chumvi imekolea.

Sasa nieleze kosa lililotuingiza kwenye siasa za watu, maana ni kosa ambalo Mkongo peke yake ndiye angelifanya. Kongo, kadi ya kupigia kura ndiyo kitambulisho. Hakuna kingine. Ukijiandikisha unapigwa picha na unaondoka na kadi yako, na kwa kadi hiyo unapita vizuizi vya askari, unapokea fedha ulizotumiwa, unazikwa kwa jina lako. Mkongo hajiandikishi kwa sababu anampenda mgombea. Anajiandikisha ili awe mtu. Mume wangu aliitembeza kadi yake ya Uvira Johannesburg nzima, na polisi waliigeuza mbele na nyuma wakamrudishia wakicheka. Hakuwalaumu. Alisema bado hawajaelimishwa.

Basi mwisho wa mwaka ule yakabandikwa mabango: wikendi hii jiandikishe kupiga kura, ukumbi wa shule. Alilisoma bango lile mara mbili, akapanda ngazi mbio.

"Bibi yangu," akaniambia, maana kwao mke ni bibi, "batatupatia karte. Tukiwa na karte, nani atatufukuza tena mu hii nyumba?"

"Hii si Kongo."

"Kura ni kura. Miye nilikuwa mu bureau ya kura. Weye ulikuwa wapi?"

Mimi nilikuwa Kigoma nauza dagaa, na ni kweli hakuna aliyewahi kunipa kichupa cha wino.

Alizunguka jengo zima kuwaalika watu, na hapa lazima niseme habari ya milango. Baada ya mwezi ule wa tano hakuna mgeni aliyefungua mlango kwa kugongewa. Ungegonga mpaka ukatoka damu. Watu walikaa ndani kimya, redio imezimwa, mtoto amezibwa mdomo. Lakini ukisimama nje ukasema hodi, kwa lafudhi ya nyumbani, mara tatu kwa upole kama adabu inavyotaka, ndani utasikia mtu anapumua, halafu komeo, halafu karibu. Mwenyeji wa pale hajui hodi. Hata akifundishwa hawezi kuitamka akaaminiwa. Mume wangu alikuwa na hodi nzuri kuliko wote, ndefu, ya mtu aliyelelewa, na milango yote ilimfungukia.

Siku ya kujiandikisha tulifika shuleni kabla ya wenye ukumbi. Wakongo, Warundi, Watanzania wachache wasiojua wamefuata nini. Tulivaa nguo za kanisani, na Waislamu kanzu zao, kwa ajili ya picha. Shoga yangu wa ghorofa ya kwanza, mjane wa Kirundi kutoka Buyenzi, mtaa wa Waswahili kwao, aliyeuza mitumba karibu na Park Station, alinitaka nimrekebishie kilemba mara kwa mara asije akatoka vibaya kwenye kadi. Mume wangu alipita kando ya foleni akiinyoosha, akiwaambia watu wasisukumane, akifurahi kama harusini.

Ukumbini hakukuwa na kamera. Kulikuwa na vijana wenye fulana na kimashine kidogo, na kijana wa kwanza alinyoosha mkono akadai kitambulisho cha kijani cha wenye nchi.

"Hatuna," mume wangu akasema kwa Kiingereza chake. "Ndicho tulichokuja kuchukua."

Yule kijana alicheka mpaka akaweka kichwa mezani. Akawaita wenzake waje wasikie, na mume wangu, Mungu amsamehe ujinga wake, akayarudia maneno yale kwa sauti kubwa zaidi akidhani hawakusikia. Nyuma yetu wenyeji waliokuwa wameanza kufika walielewa haraka. Mmoja akasema makwerekwere, tusi lao kwa wageni, sasa wanataka kutuchagulia hata viongozi. Mwingine akasema waacheni wajiandikishe, tupate kujua wanalala wapi. Watu wetu walioelewa waliwaeleza wasioelewa, na foleni ile nzuri iliyonyooshwa tangu alfajiri ikaanza kuyeyuka kuanzia mkiani. Shoga yangu alivua kilemba akakitia mfukoni.

Mtu mmoja tu hakucheka. Prezidante alikuwa amekaa pembeni kama wakala wa chama chake. Alitutazama tukitoka, kisha akamwita mume wangu, akauliza ni nani aliyewatoa watu wote hawa kitandani asubuhi namna ile. Mume wangu akajipiga kifuani. Wiki ile nikiwa namsuka aliniambia, kichwa chake kikiwa katikati ya magoti yangu: "Mwambie mumeo, maadamu ananiletea watu, kile chumba ni chenu. Na tukishinda nitazungumza na wakubwa kuhusu kitambulisho."

Nikampelekea salamu hizo kama zilivyo. Hakulala, alikuwa akitembea kutoka pazia hadi dirishani. Mimi nilisikia habari ya chumba tu. Yeye alisikia ya kitambulisho tu. Tuliishi hivyo miaka.

Historia ya uchaguzi wa eneo letu naijua kwa nywele za Prezidante. Uchaguzi wa 2009 alitaka mistari ya kawaida, ya kurudi nyuma, kama mama wa kanisa, kwa kuwa wakati huo alikuwa mtu wa kamati tu akimpigia debe mwingine. Mume wangu alimletea watu. Mabasi yalikuja barabarani tukapakiwa, tukagawiwa fulana kubwa ambazo wanawake walizifanya za kulalia, mkate, na soda ya moto. Hotuba zilikuwa za Kizulu na Kisotho na hakuna aliyeelewa neno. Mume wangu akawapa kanuni rahisi: "Muniangalie miye. Nikipiga makofi, mupige. Nikisimama, musimame." Na kweli, uwanja mzima hakukuwa na kundi lililopiga makofi kwa mpangilio kama Waswahili. Viongozi walitugeukia wakatupungia mkono. Wanaopiga kura kweli walikuwa nyuma yetu wanasinzia.

Siku ya kura yenyewe alisimama kwenye robot, taa za barabarani za pale konani, akiwaonyesha wazee wa kienyeji pa kuvukia. Ndani hakuruhusiwa. Alirudi na ukucha wa kidole gumba umechorwa alama nyeusi, nami nikashtuka nikidhani wamemruhusu kupiga kura. Kumbe alikuwa amejichora mwenyewe kwa kalamu nene ya kuandikia maboksi. Alinishika mkono akataka kunichora na mimi, akisema wiki nzima hii watu wataangaliana vidole kwenye teksi, na asiye na alama atajulikana ni mgeni. Alichora kwa umakini, ulimi nje, kama alivyofanya Uvira. Nilikwenda kuisugua na sabuni ya kufulia mpaka ikatoka. Kesho yake kwenye teksi msichana mmoja aliniangalia kucha, akaniangalia usoni, akasogeza mkoba wake. Sikumwambia mume wangu, maana angefurahi.

Chama cha Prezidante kilishinda eneo letu. Kilikuwa kikishinda pale kila mara, kingeshinda hata bila kumtoa mtu kitandani, na sisi tulipigia makofi jambo lililokwisha kuamuliwa. Kitambulisho hakikuja.

Mwaka 2011 uchaguzi ulikuwa wa madiwani, na mgombea alikuwa yeye mwenyewe. Alitaka rasta nyembamba, ndefu, za kumfikia kiunoni, na nilikaa siku mbili nikizimaliza huku akipokea simu. Kizulu changu chote nimejifunza kwenye kichwa chake. Nilijua anamchukia nani, nani kamsaliti, nani anunuliwe nini. Mume wangu alifanya kazi kama punda aliyeonyeshwa karoti iliyochorwa ukutani. Alipiga hodi kila mlango, akawaambia watu sasa si mgeni anayegombea, ni mama yetu, ni mtu wa nyumba yetu. Shoga yangu mjane aliuliza kama mama huyo atawazuia askari wa jiji kumnyang'anya mitumba yake. "Akiingia tu, shemeji wako nitamwambia miye mwenyewe," mume wangu akajibu, na mjane akaja kwenye mikutano yote na magoti yake mabovu.

Akaingia. Akawa na ofisi Braamfontein, na benchi nje ya ofisi, na mume wangu akawa na makalio ya kulikalia. Alikuwa mlinzi wa duka la viatu zamu ya usiku. Alitoka kazini akaenda benchini moja kwa moja. Diwani akipita alimsalimia kwa jina mbele ya watu, akamwulizia mkewe, akamshika bega. Njoo Alhamisi. Njoo baada ya bajeti. Alimpaka mafuta kwa mgongo wa chupa, naye akarudi nyumbani anang'aa. Siku moja walimpa ile kamba ya shingoni ya wafanyakazi wa kampeni, yenye kifuko cha plastiki cha kutilia kadi. Kifuko kilikuwa kitupu. Akatia kadi yake ya Uvira, akaivaa. Aliivaa kazini, kanisani, kwenye misiba. Watu walimwita Mheshimiwa, wengine kwa heshima, wengine kwa dhihaka, naye aliitika kote kwa sauti ileile.

Nilimwambia. Asije mtu akadhani nilinyamaza kama mke wa hadithi. Nilimwambia yule mwanamke hatakupa kitu, anakutumia kama kitambaa cha jikoni, na hata kitambaa hufuliwa. Akasema wivu. Akasema tangu aturudishie chumba hakuna aliyetugusa, na je, hiyo si kazi yake? Hapo alinishika. Chumba tulikuwa nacho. Dirisha lilikuwa letu. Nikarudi kusuka, na hasira yangu nikaimalizia kwenye vichwa vya wateja, ambao walilalamika navuta sana.

Kufika 2014 Prezidante aliacha kusuka. Alikuja na wigi, la nywele za kunyooka, akataka nimbandike tu kwa gundi ukingoni. Sasa alitaka bunge la jimbo. Kule mtu hachaguliwi kwa sura. Chama hupanga orodha, na aliye juu huingia, aliye chini hubaki kupeperusha bendera. Yeye alikuwa mahali pa katikati, pabaya, pa kusukumana. Nikimpaka gundi kwenye paji la uso alifumba macho akasema kwamba kuna watu chamani wanamwita mama wa makwerekwere. Wanasema jengo lake limejaa sisi. Wanasema hata mikutano yake imejaa sisi.

"Sasa utafanya nini?" nikamwuliza.

"Nitasafisha," akasema. Akafumbua macho akajitazama kwenye kioo. "Wewe usijali. Mumeo ni mtu wangu."

Nilimhadithia mume wangu neno kwa neno. Alikuwa anapiga pasi shati lake la mkutano. Akasema siasa ni maneno, na mimi sijawahi kukaa kwenye bureau ya kura.

Mkutano ulikuwa ukumbini, Newtown. Aliwapanga watu wetu safu za mbele kama kawaida, fulana mpya, shoga yangu akiwa karibu na njia ili anyooshe magoti. Prezidante alipanda jukwaani na wigi lake akaongea Kizulu bila karatasi. Alisema majengo ya jiji hili yalijengwa na babu zao na wanalala humo watu wasiojulikana. Alisema mama wa Kizulu analea wajukuu kwenye kibanda cha bati wakati mgeni ana dirisha. Alisema akiingia bunge la jimbo, kabla ya baridi kwisha, majengo ya Joubert Park yatarudi kwa wenyewe, mlango kwa mlango. Nilielewa kila neno. Nilikuwa nimelipia lugha ile kwa vidole vyangu.

Mume wangu pia alielewa. Kizulu chake kilikuwa kizuri kuliko changu. Prezidante akamtazama kutoka juu kule, si kwa ukali, akingoja tu. Naye akasimama akapiga makofi.

Wakasimama wote, kwa kanuni ileile, bila kuelewa neno. Wanawake niliowasuka, wazee wa kanisani, mjane na magoti yake. Walisimama wakashangilia kwa nguvu kufukuzwa kwao wenyewe, mmoja akapiga kigelegele, kigelegele cha Buyenzi hasa. Wenyeji nyuma yetu walianza kucheka. Walicheka muda mrefu, wakitunyooshea vidole, na watu wetu walipoona wanachekewa walidhani ni furaha, wakageuka wakawapungia mkono. Nilikuwa nimekaa. Nadhani katika safu zile nilikuwa mimi peke yangu niliyekaa, nikiona haya mpaka masikio yakaniwaka.

Njiani nikamwuliza kwa nini.

"Haiko siye," akasema. "Iko anasema bale bengine. Siye tuko batu bake."

"Wale wengine nani? Wale umewavalisha fulana?"

Aliishika ile kamba ya shingoni asije akaporwa na vibaka. Nilipofika jengoni niliwaambia wachache yale niliyoyasikia, na wakanitazama kwa huruma. Mke anamwonea mumewe wivu wa cheo, wakasema. Mume anajua serikali, mke anajua nywele. Shoga yangu mwenyewe aliniambia, kwa upole, kwamba shemeji hawezi kuwauza.

Prezidante aliingia bungeni. Mwezi uliofuata jengo likapata mwenyewe mpya, au mtu aliyesema ndiye mwenyewe, na kamati ikasema vyumba vya wageni vitakaguliwa. Watu wakanunua makomeo zaidi. Walikuwa na hakika: mlango wa chuma, karatasi ya ukimbizi mkononi, na kutofungua.

Siku yenyewe ilikuwa asubuhi ya baridi kali. Nilikuwa ghorofa ya kwanza kwa shoga yangu namtoa nywele za zamani, yeye amekaa chini kwenye jamvi na beseni la maji ya moto miguuni. Tulisikia vishindo juu, samani zinaburutwa, mtoto analia ngazini. Hatukutikisika. Mtu akaupiga mlango wetu kwa kitu kizito, akafoka kwa Kizulu, kisha kwa Kiingereza. Shoga yangu akaniwekea kidole mdomoni. Pakawa kimya. Halafu tukasikia hodi.

Ilikuwa hodi yake. Ndefu, mara tatu, yenye adabu zote.

"Alhamdulillahi, ni shemeji," akasema mjane, na kabla sijamshika bega alikuwa amesimama kwa magoti yale, amevuta makomeo yote, anasema karibu, karibu ndani.

Nyuma ya mume wangu walikuwa wanaume wenye ovaroli na nyundo. Nyuma yao, ngazini, nikaona waliokwisha kutolewa ghorofa za juu, kila mmoja na alichowahi kukumbatia, na wote walikuwa wanamtazama mume wangu mgongoni. Alikuwa amefungua jengo zima. Shoga yangu aliuliza karatasi ya mahakama, akaonyeshwa nyundo. Bado hakuelewa. Alimgeukia mume wangu akamwambia, "Shemeji, waambie sisi ni watu wa Prezidante."

Hakumwangalia. Aliniangalia mimi, na uso wake ukalegea kwa woga, maana hakutegemea kunikuta pale. Akaruka kizingiti akanishika mkono, akamwambia mkubwa wao, "Lona owami." Huyu ni wangu. Akasema chumba chetu ni cha ghorofa ya nne, kile chenye dirisha, kile walichoambiwa wasikiguse.

Mkubwa wao alikuwa kijana mwenye usingizi machoni. Akaniuliza kwa Kizulu, taratibu, kama mtu anayetaka kumaliza kazi kabla ya chakula: mama, huyu ni mumeo?

Nilikiona chumba. Nilikiona chote: pazia, kioo, kiti cha wateja, jua la asubuhi linavyoingia na kugusa godoro. Nilimwona shoga yangu, nusu ya kichwa imefumuliwa na nusu bado, maji ya beseni yanamwagika kwenye miguu yake. Sikufikiri sana.

"Angimazi," nikasema. Simjui.

Mume wangu alicheka kidogo, akadhani nina utani. Akataja jina langu, jina la baba yangu, kijiji cha mama yangu. Akanyanyua ile kadi ya Uvira shingoni akamwonyesha yule kijana, kama vile mimi ndimi niliyeandikwa humo. Yule kijana akaniuliza tena. Nikasema tena, nikimtazama mume wangu machoni, na safari hii alielewa. Akauachia mkono wangu mwenyewe, kidole kimoja kimoja. Wakatutoa, mimi na mjane, na jamvi, na marobota ya mitumba, wakatuweka kando ya barabara pamoja na wengine. Hakuna aliyenisemesha mpaka jioni. Kwao nilikuwa bado mke wake.

Nilipata pa kulala Newtown, nyuma ya duka la vitambaa, mahali pasipo na dirisha. Mume wangu alibaki na chumba. Nasikia aliishi humo peke yake katika korido tupu, akiwasalimia wapangaji wapya kwa Kizulu kizuri, nao hawakuitika. Alinitumia watu watatu kunibembeleza. Wa tatu alisema anakaribia kupata kitambulisho.

Baridi ilipokwisha wakamjia na yeye. Habari hiyo aliniletea mteja, mwanamke wa Kizulu aliyehamia jengo lile, akinihadithia kama kichekesho huku namsuka. Alisema kulikuwa na kwerekwere mmoja aliyesahauliwa ghorofa ya nne, akajifungia ndani na makomeo manne, akipiga kelele kwamba anamjua mheshimiwa wa bungeni. Waligonga wakachoka. Hakubaki mtu katika jengo lile wa kumpigia hodi, kwa hiyo mlango waliuvunja.

Nikamwuliza kama walimpiga. Akasema ndiyo, kiasi.

Nikamwambia ainamishe kichwa, nimalize upande wa nyuma.